Kubadilisha Gia kwa Kuokoa Mafuta: Mwongozo kwa Dereva wa Nairobi

Kila tarehe 14 ya mwezi, wenye magari jijini Nairobi husubiri tangazo la Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ili wajue lita moja itauzwa kwa bei gani, na kwa siku mbili tatu mazungumzo ya vituo vya mafuta huwa ni hayo tu. Bei hiyo dereva hana uwezo wa kuigusa. Anachoweza kukigusa ni mkono wa gia na pedali ya mafuta, na hapo petroli nyingi hupotea bila mwenyewe kujua, kwa sababu injini ile ile, ikivuta mzigo ule ule kwenye barabara ile ile, hunywa mafuta mengi au machache kulingana na gia iliyomo.

Mwongozo huu unamlenga mwenye gari dogo la petroli, liwe la gia za mkono au la otomatiki, kama yale mengi yanayoingia nchini kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Yote yatakayofuata yanatokana na jambo moja: injini hutumia mafuta vizuri inapofanya kazi ya kutosha huku ikizunguka polepole, na huyapoteza inapozunguka kwa kasi huku kazi yenyewe ni ndogo.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kubadilisha chochote

Jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, na umwombe mhudumu asiongeze hata tone baada ya hapo. Andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Endesha kama ulivyozoea hadi tangi lishuke chini ya nusu, kisha urudi kituo kile kile, na ikiwezekana pampu ile ile, ujaze tena hadi ijikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza. Ikiwa umetembea kilomita 378 na tangi limepokea lita 31.5, gari lako linakwenda kilomita 12 kwa lita.

Wengi wetu hununua mafuta ya shilingi elfu moja leo na mia tano keshokutwa, na hilo halizuii kupima. Weka risiti zote, jumlisha lita zilizoandikwa humo, mradi tu mwanzo na mwisho wa hesabu tangi liwe limejaa. Fanya hivyo mara mbili kabla ya kubadilisha chochote, kwa maana wiki ya mvua na msongamano haifanani na wiki ya likizo za shule. Asiyepima huishia kuamini hisia, na katika suala la mafuta hisia hudanganya sana.

Hatua ya 2: Elewa gia inafanya nini

Chukua mfano wa gari dogo ambalo difu yake (gia za mwisho kabla ya tairi) ina uwiano wa 4, yaani shafti inayoingia humo huzunguka mara nne ili tairi izunguke mara moja, na uwiano wa gia ya tatu ni 1.3, wa ya nne 1.0 na wa ya tano 0.8. Likivaa tairi za 175/65 zenye rimu ya inchi 14, kila tairi ikizunguka mara moja gari husogea takriban mita 1.83. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tairi huzunguka mara 729 hivi kwa dakika. Zidisha hesabu hiyo kwa uwiano wa difu na wa gia, nawe utaona kwamba injini inazunguka karibu mara 2,330 kwa dakika katika gia ya tano, mara 2,915 katika ya nne, na karibu 3,790 katika ya tatu. Upepo unaolikabili gari ni ule ule, na barabara haijabadilika. Kilichobadilika ni mizunguko ya injini kwa kila kilomita.

Mizunguko hiyo ya ziada hugharimu kwa njia mbili. Kwanza, kila mzunguko una msuguano wake: pistoni zikisuguana na silinda, valvu zikisukumwa, pampu ya oili na ya maji zikizungushwa. Pili, na hili ndilo wengi hawalijui, injini ya petroli huvuta hewa kupitia kilango kinachofunguliwa na pedali. Ukiwa katika gia ya chini kwenye barabara tambarare, unakanyaga kidogo mno, kilango hubaki karibu kufungwa, na injini hulazimika kuvuta hewa kwa taabu kama mtu anayepumua kupitia mrija mwembamba. Taabu hiyo hulipiwa kwa petroli. Ukipanda gia, kilango hufunguka zaidi ili nguvu ile ile ipatikane kwa mizunguko michache, nayo injini hupumua kwa urahisi. Injini za dizeli hazizuii hewa kwa namna hiyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutumia mafuta kidogo zinapovuta mzigo mwepesi.

Kanuni hii ina mipaka miwili. Mpaka wa chini ni pale injini inapolemewa: gari linatetemeka, usukani unatikisika, au unasikia mlio wa kugongagonga unapokanyaga. Hapo umepanda gia mapema mno, na kung'ang'ania huumiza injini. Mpaka wa juu ni pedali iliyokanyagwa hadi sakafuni. Katika hali hiyo kompyuta ya injini nyingi za petroli huongeza mafuta kupita kipimo cha kawaida ili injini itoe nguvu yake yote na isichemke kupita kiasi, kwa hiyo faida ya gia ya juu hutoweka.

Hatua ya 3: Zingatia mwinuko wa jiji

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda. Gari lililokuwa na nguvu kamili bandarini hufika hapa likiwa limepungukiwa na zaidi ya asilimia 15, na likiendelea kupanda kuelekea Limuru, ambako ni zaidi ya mita 2,000, hupungukiwa zaidi.

Dereva wa Nairobi asichukue mafundisho yaliyoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani akayafuata neno kwa neno. Penye ushauri wa kupanda gia kwenye mizunguko 1,800, gari la hapa lenye injini ya sisi 1,300 na abiria wanne huenda likahitaji 2,200 ili gia inayofuata isilemewe. Lakini mwinuko huu una neema zake pia: hewa nyepesi huzuia gari kidogo kwenye mwendo mkubwa, na kwa kuwa unakanyaga pedali zaidi ili kupata nguvu ile ile, kilango cha hewa hufunguka zaidi. Ndiyo maana naamini kwamba anayelalamikia mwinuko kuwa ndio unaommalizia petroli anapaswa kwanza kuangalia mguu wake wa kulia.

Hatua ya 4: Kupanda gia katika gari la gia za mkono

Gia ya kwanza ni ya kulitoa gari mahali liliposimama, si ya kuendea. Gari likishasogea urefu wake mara moja au mbili, ingia ya pili. Kuanzia hapo kanyaga pedali kwa uthabiti, kama nusu ya safari yake au zaidi kidogo, na upande gia kila saa ya mizunguko inapofika kati ya 2,000 na 2,500. Kwa dizeli, kati ya 1,500 na 2,000 kwa kawaida hutosha.

Hapa kuna kosa linalofanywa na madereva waangalifu kabisa. Husikia kwamba kuokoa mafuta ni kukanyaga kwa upole, basi hukanyaga kidogo sana na kukaa katika gia ya pili kwa mita mia tatu wakisubiri mwendo uongezeke. Huko ni kuzunguka kwingi kwa kazi ndogo, yaani kile kile tunachokikwepa. Ni afadhali kuongeza mwendo kwa nguvu ya wastani na kufika gia ya tano mapema, kisha kuulegeza mguu mwendo ukishatulia. Kwenye barabara tambarare, au ukiteremka, unaweza kuruka gia: toka ya tatu uingie ya tano moja kwa moja ikiwa mwendo unaruhusu. Giaboksi haidhuriki kwa hilo.

Klachi nayo ina sehemu yake. Kuacha mguu juu ya pedali ya klachi, hata kwa uzito mdogo, kunaweza kuifanya iteleze, na nguvu inayoteleza hugeuka joto badala ya mwendo. Mlimani usilishikilie gari kwa klachi iliyokanyagwa nusu huku ukichochea mafuta. Vuta breki ya mkono, na uiachilie wakati wa kuondoka.

Hatua ya 5: Kilima

Ukitoka Westlands kwa Waiyaki Way, barabara hupanda karibu mfululizo kupitia Kangemi, Uthiru na Kinoo hadi Kikuyu na kuendelea. Hapa ndipo ustadi wa gia huonekana. Ongeza mwendo kidogo kabla ya kilima kuanza, kama barabara iko wazi na sheria inaruhusu, ili uzito wa gari wenyewe ukusaidie mita za mwanzo. Kilima kikianza, usishushe gia kwa sababu tu umekiona. Shusha pale unapohisi kwamba hata ukikanyaga zaidi mwendo unapungua. Ukiona pedali imekaribia sakafu katika gia ya nne, ya tatu ndiyo gia ya haki, na haitumii mafuta mengi kuliko ya nne iliyolemewa.

Kubali pia mwendo upungue kwa kilomita kumi kwa saa kilimani. Kumfukuza aliyekupita Kangemi ili umkute tena kwenye msongamano wa Kinoo ni petroli iliyomwagwa.

Hatua ya 6: Kupunguza mwendo na kuteremka

Hii ndiyo hatua ninayotamani kila dereva wa jiji hili aielewe, kwa sababu inagusa mafuta na uhai kwa pamoja.

Wengi wamefundishwa kwamba ukiteremka uweke frii, yaani utoe gia zote, injini ingurume taratibu, na hivyo mafuta yaokolewe. Mafundisho hayo yalianza enzi za kabureta, kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa. Injini ya sasa yenye injekta, yaani vipulizio vya petroli vinavyoongozwa na kompyuta, hufanya tofauti: ukiondoa mguu kwenye pedali ya mafuta huku gia ikiwa imeingia, na injini ikizunguka zaidi ya mara 1,200 hadi 1,500 hivi kwa dakika, kompyuta hukata mafuta kabisa. Tairi ndizo zinazoizungusha injini, nayo haichomi hata tone. Ukiweka frii, tairi haziizungushi tena, kwa hiyo kompyuta hulazimika kuipa petroli isizimike. Kwenye mteremko mkali ambako ungehitaji kujizuia, frii haikupi akiba yoyote, bali hutumia mafuta ambayo gia ingeyakata.

Kuna hali moja ambamo frii ina hoja: mteremko mwepesi mno, ambapo gari likiachwa katika gia hupunguza mwendo na likiachwa huru hudumisha. Lakini jibu salama la hali hiyo ni kubaki katika gia ya juu kabisa na kukanyaga pedali kidogo sana.

Kwenye mteremko wa kutoka eneo la Limuru kwenda Mai Mahiu, usiweke frii kamwe. Barabara inashuka bondeni kwa kona na kwa urefu, malori yanashuka polepole yakiwa yamejaa, na gari lisilo katika gia halina kinachoweza kulizuia ila breki. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata joto hadi hushindwa kushika. Teremka katika gia ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo huo, gusa breki kwa vipindi na si kwa mfululizo, na ufahamu kwamba muda mwingi wa safari hiyo injini yako haitumii mafuta yoyote.

Jijini kanuni hii hutumika kila unapokaribia tuta, raundabauti au taa nyekundu. Ondoa mguu mapema, acha gia iliyomo, gari lipungue lenyewe, na ukanyage klachi karibu na mwisho kabisa. Mita mia moja za namna hiyo kabla ya kila tuta kwenye barabara za mtaani huleta akiba kubwa kuliko nyongeza yoyote ya kutia kwenye tangi inayouzwa madukani.

Hatua ya 7: Msongamano

Injini ndogo ikinguruma bila kusogea hutumia kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na kiyoyozi huongeza. Kwenye msongamano wa Jogoo Road au wa Barabara ya Mombasa jioni, dereva wa gia za mkono aache nafasi mbele yake, asubiri pengo litoshe, kisha asogee katika gia ya kwanza au ya pili bila kukanyaga klachi kila sekunde. Wengine watajipenyeza katika nafasi hiyo, na inakera, lakini kukimbia mita tano na kufunga breki mara mia mbili kwa jioni moja kunagharimu zaidi ya magari mawili matatu yaliyokutangulia. Ikiwa polisi wameusimamisha mkondo wenu na unajua mtakaa zaidi ya dakika moja, zima injini, mradi betri na kiwashi viko imara.

Hatua ya 8: Gari la otomatiki

Otomatiki hujichagulia gia, lakini hufuata mguu wako. Ukishafikia mwendo unaoutaka, legeza pedali kidogo kwa sekunde moja: giaboksi itaelewa kwamba huhitaji tena nguvu na itapanda gia. Ukiikanyaga ghafla, itashusha gia moja au mbili, na sindano ya saa ya mizunguko itaruka hadi 4,000.

Angalia dashibodi uone kama taa ya O/D OFF inawaka. Kwenye magari mengi ya gia nne kuna kitufe kidogo ubavuni mwa mkono wa gia, na kikibonyezwa huizuia gia ya nne, ambayo ndiyo ovadraivu (O/D), gia ya kuipunguzia injini mizunguko kwenye mwendo mkubwa. Gia ya tatu kwa kawaida ina uwiano wa 1.0 na ya nne karibu 0.7, maana yake ukiwa umezuiliwa katika ya tatu injini inazunguka zaidi kwa asilimia 43 hivi. Mimi mwenyewe niliendesha gari nililolinunua mkononi mwa mtu kwa miezi kadhaa taa hiyo ikiwaka, nikidhani ni taa ya kawaida, huku nikibadilisha plagi na kichujio cha hewa kwa kutafuta ugonjwa ambao haukuwapo. Kitufe hicho kina kazi yake halali: kibonyeze unapoteremka mlima mrefu ili injini isaidie breki, au unapopanda na giaboksi inahangaika kati ya gia ya tatu na ya nne kila baada ya sekunde chache. Mlima ukiisha, kirudishe.

Badala ya klachi ya pedali, otomatiki ya kawaida ina chombo kilichojaa mafuta ya giaboksi kinachopitisha nguvu kutoka injini hadi giaboksi, na mafuta hayo huteleza. Ili kuondoa mtelezo, kuna klachi ndogo ya ndani inayofunga pande mbili ziwe kitu kimoja mwendo ukishatulia na mafuta ya giaboksi yakishapata joto. Asubuhi za baridi za Julai utaona gari likichelewa kupanda gia na sindano ikikaa juu kuliko kawaida kwa kilomita za kwanza. Usilipashe moto likiwa limesimama, kwa kuwa giaboksi hupata joto vizuri zaidi likitembea. Ondoka mara moja, kwa upole.

Gari la CVT halina gia za kuhesabu: mkanda wa chuma huhama kati ya puli mbili na uwiano hubadilika mfululizo. Mguu uliotulia huipa CVT nafasi ya kushusha mizunguko hadi 1,500 au chini yake hata kwenye kilomita 60 kwa saa, na mguu unaopandishwa na kushushwa huinyima nafasi hiyo. Kwa magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme, alama ya B kwenye mkono wa gia, inayoifanya injini isaidie breki, ni ya mteremko mrefu na mkali tu. Kwingineko kaa katika D, ambamo breki hurudisha nishati kwenye betri.

Hatua ya 9: Barabara iliyo wazi

Gia ya juu kabisa haiwezi kufuta gharama ya mwendo. Nguvu ya upepo unaolizuia gari huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa upepo huzuia zaidi kwa asilimia 56. Barabara ya Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ni mahali pazuri pa kujionea: shika kilomita 80 katika gia ya mwisho, mguu umetulia, na uangalie sindano ya mizunguko ilivyo chini.

Tairi nazo ni sehemu ya gia. Wanaopandisha magari yao na kuyavisha tairi kubwa ili yastahimili barabara mbovu hubadilisha uwiano wote wa gari: injini huzunguka kidogo kwenye tambarare lakini huhitaji gia ya chini kwenye kila kilima. Zaidi ya hayo, tairi yenye kipenyo kilichozidi kwa asilimia 5 hufanya dashibodi ihesabu kilomita pungufu kwa karibu kiasi hicho. Rekebisha hesabu yako ya hatua ya kwanza kabla ya kulilaumu gari.

Hatua ya 10: Pima tena

Endesha kwa namna hii kwa matangi mawili, njia zile zile na tairi zikiwa na upepo ule ule, kisha ulinganishe na risiti za mwanzo. Ikiwa hesabu haijasogea kabisa, tafuta kinachoizuia giaboksi au tairi: breki inayoshika bila kukanyagwa, ambayo utaitambua kwa rimu moja kuwa na joto kuliko nyingine baada ya safari; mafuta ya giaboksi yaliyochakaa au yaliyopungua; themostati (kilango kinachodhibiti maji ya kupoza injini) iliyokwama wazi, inayoiacha injini baridi na kuichelewesha otomatiki kufunga klachi yake ya ndani; au klachi ya gia za mkono iliyokwisha, ambapo mizunguko hupanda kilimani bila mwendo kuongezeka. Mpelekee fundi tarakimu zako zote mbili, za kabla na za baada, pamoja na mizunguko unayoisoma kwenye kilomita 80 katika gia ya juu, ili aanze kazi akijua anatafuta nini.